Usiku wa Goma kabla ya boti



Swali moja limetufikia mara tatu kwa muda mfupi, kutoka Nyabiondo, kutoka Kashebere na kutoka Mubi. Mama mmoja anauza maharage. Mwingine anapeleka mtoto wake Bukavu kuanza masomo. Wa tatu anaenda hospitali ya Panzi kwa matibabu aliyoyangoja miaka mingi. Wote wanauliza: gari linafika Goma jioni, boti ya Bukavu inaondoka asubuhi, basi usiku ule mama alale wapi, na kwa pesa ngapi? (Ninyi wa Walikale mnaokaa upande wa Hombo mnafika Bukavu kwa barabara ya Bunyakiri bila kugusa maji ya ziwa. Leo mtuvumilie, au mpite moja kwa moja kwenye ukurasa wa mapishi.)

Mimi jibu la swali hili nililipata kwa njia mbaya, na afadhali niwaeleze jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kuuza fromage. AVEC yetu ilitukopesha, mimi na jirani yangu mmoja, tukanunua fromage za Masisi, yale mabonge ya mviringo mnayoyajua, na mifuko miwili ya maharage. Tulisikia kwamba soko la Kadutu kule Bukavu linanunua vizuri. Jirani yangu alikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Tulitoka Masisi alfajiri tukahesabu kwamba mchana tuko Goma, maana njia ni kilomita kama 80 tu. Lakini barabara yetu haihesabiwi kwa kilomita. Fuso lilizama kwenye matope mara mbili, halafu bariyeri, halafu tairi. Tulipita Sake jua limekwisha kuzama, na tulipoteremka pale Ndosho ilikuwa giza na mvua.

Motari mmoja akaja mbio: "Mama, ninajua mahali pazuri, bei rahisi." Tukamfuata. Wakati ule sikujua kwamba motari akileta mgeni kwenye nyumba ya kulala, mara nyingi mwenye nyumba anampa kitu kidogo. Anakupeleka kwa yule anayemlipa, si lazima kwa yule atakayekulinda.

Chini kulikuwa bar, vyumba vilikuwa juu. Tuliambiwa dola 10, tukafurahi. Kufikia chumbani tukaona mlango una kufuli la nje tu, ndani hakuna komeo. Dirisha halina vyuma. Choo kilikuwa nyuma ya bar, na ili ukifikie lazima upite kati ya meza za wanaume wanaokunywa. Jirani yangu hakwenda choo usiku kucha. Tulisukuma kitanda kwenye mlango, tukaweka mifuko juu yake, tukalala kwa zamu. Katikati ya usiku mtu akagonga. "Kontrole, fungueni." Hatukujibu. Akagonga tena, mtoto akaanza kulia. Nikasema kwa sauti kubwa, ili vyumba vingine visikie, kwamba sisi hatufungui usiku, amwite mwenye nyumba aje naye. Akasimama kidogo, tukasikia viatu vyake vinateremka. Hadi leo sijui alikuwa nani.

Usingizi ulitushika karibu na mapambazuko, saa ile ile tuliyopaswa kuamka. Tulipofika bandarini boti ilikuwa imekwenda, na tiketi hatukuwa tumenunua. Hapo kijana mmoja akatuambia kuna boti nyingine, ndogo zaidi, bei ya chini, inaondoka sasa hivi. Tukaenda kuiona. Watu walikuwa wamekaa hata juu ya mizigo, na ukingo wa boti ulikuwa karibu na maji kiasi kwamba mtoto angeweza kunawa mikono. Mimi nikasimama. Jirani yangu akaanza kufunga kitenge vizuri ili apande. Nikamshika mkono, akaniambia: "Niache nipande. Siwezi kulala tena mahali pale."

Neno hilo sijalisahau. Huyu mama hakuwa mjinga, wala hakuwa na haraka. Usiku mbaya ndio uliokuwa umemchagulia boti.

Hatukupanda. Boti ile ilifika salama siku ile, lazima niseme kweli, na sisi tulionekana waoga. Tulilala usiku wa pili kwa shangazi ya mume wangu, fromage tatu ziliharibika kwa joto, na tuliporudi wenzetu wa AVEC walituuliza maswali magumu. Lakini tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova imejaa watu na mizigo ilipozama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja ndugu zao ufukweni, jirani yangu alikuja kwangu asubuhi akaketi jikoni muda mrefu bila kusema. Watu wengi walikufa siku ile, wakiwamo wamama wa biashara kama sisi. Na miaka mitano kabla yake, Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe na kuchukua watu wengi vilevile.

Kwa hiyo ninapozungumza juu ya mahali pa kulala, ninazungumza pia juu ya boti. Mama aliyelala vizuri, mwenye tiketi mkononi na pesa kidogo iliyobaki, anaweza kuangalia boti na kusema, "Hii sipandi." Yule aliyechoka na asiye na mahali pa kurudi hana nguvu ya kusema hivyo.

Jambo la kwanza linafanyika nyumbani, kabla ya gari. Usipange kufika Goma jioni. Ukitoka Masisi, panga kufika kabla ya saa tisa ya mchana, na kama gari halitoki mapema, ahirisha hadi kesho yake. Ukitoka Walikale kwa njia ya Kashebere na Nyabiondo, hesabu usiku mbili: mmoja njiani, Masisi, kwa mtu unayemjua, na mmoja Goma. Wengi wetu tunahesabu usiku mmoja, halafu ule wa pili unatukuta barabarani. Uliza habari za njia siku ileile, kwa mtu aliyepita jana, si kwa dereva anayetafuta abiria.

Mkifika Goma mchana, msiende kwanza kutafuta kitanda. Nendeni bandarini mkanunue tiketi ya kesho. Nyumba ya kulala inachaguliwa kufuatana na boti, na usipojua boti utaondokea bandari gani na saa ngapi unachagua gizani. Bandari kubwa ya Goma iko katikati ya mji, na Kituku iko upande wa magharibi. Sisi tunaotoka Sake tunaingia kwa Mugunga na Ndosho, mbali na bandari kubwa, na huko ndiko motari wanakotusubiri. Vyumba vya Ndosho vinaweza kuwa na bei ya chini, ndiyo. Lakini ongeza moto ya alfajiri, ya watu wawili na mizigo, saa ambayo barabara haina mtu na motari anajua kwamba huna njia nyingine. Fanya hesabu hiyo yote kabla ya kusema chumba hiki ni nafuu.

Na saa yenyewe mwulize muuzaji mara mbili. Tiketi inaandikwa kwa Kifaransa, 7h00, mtu anasoma "saba," mwingine anasikia saa saba ya mchana. Msicheke, imetokea. Mwambie akuonyeshe kwa mkono kwenye saa ya telefone.

Ratiba za zamani msiziamini. Mwaka 2025, vita vilipofika Goma na Bukavu, boti zilisimama, kisha zikaanza tena. Kwa kawaida boti za haraka zinakwenda Bukavu kwa saa mbili au tatu na kitu, na zile kubwa za watu na mizigo zinachukua saa tano, sita au zaidi. Zimekuwako pia boti zinazosafiri usiku, na wamama wengine wanazipenda kwa sababu zinaokoa pesa ya chumba. Mimi, kama una mtoto mdogo, ninakuambia lipa chumba usafiri mchana. Ajali ikitokea mchana, wavuvi wanakuona.

Sasa mahali penyewe. Kwa wengi wetu pa kwanza ni familia. Hakuna familia ya Masisi isiyokuwa na mtu Goma siku hizi, na vita vimetuongezea ndugu huko kuliko tulivyotaka. Kulala kwa ndugu ni salama kuliko hoteli nyingi, na hakuna anayekudai pesa. Lakini tuseme ukweli kati yetu wamama. Yule ndugu anakaa na watu kumi katika vyumba viwili, bei ya unga inamtesa, na wewe unafika bila kupiga simu ukiwa na mtoto na mifuko minne. Atakupokea, maana ndivyo tulivyolelewa, na watoto wake watalala chini ili wewe upate kitanda. Mpigie siku mbili kabla. Peleka kitu: kilo chache za maharage, viazi, hata makala. Na kama unaona nyumba imejaa, usione haya kulala mahali pengine kisha upite kumsalimia. Shangazi ya mume wangu aliniambia baadaye kwamba angefurahi zaidi kama ningempigia simu usiku ule wa kwanza, hata saa nne ya usiku, kuliko kuja kesho yake na hadithi.

Pa pili ni kanisa. Parokia, CBCA, CEPAC na makanisa mengine tuliyo nayo huku kwetu yote yana watu wao Goma, na mara nyingi kuna nyumba ya wageni, au chumba cha wamama, au angalau mama mchungaji anayejua nyumba nzuri ya karibu. Faida yake ni kwamba hakuna bar, lango linafungwa mapema, na wanakujua kwa jina la kanisa lako. Omba barua fupi kwa mchungaji au kwa padri kabla ya kutoka. Inachukua dakika tano na inafungua milango ambayo dola 20 haifungui. Ubaya wake ni kwamba vyumba ni vichache, na ukifika saa mbili ya usiku mlinzi hatakufungulia. Ndiyo sababu nyingine ya kufika mchana.

Pa tatu ni lodge ya kulipa, karibu na bandari. Hapa ndipo lazima macho yafanye kazi. Usilipe kabla ya kuona chumba. Mwenye nyumba akikataa usione, toka, hakuna mazungumzo zaidi. Ukiingia, mtu wa kwanza kumwangalia ni yule wa mapokezi: je, kuna mama au dada anayefanya kazi pale usiku? Anaandika majina ya wageni kwenye fishi na kuomba kadi? Wengine mnachukia fishi, lakini nyumba inayokuandika wewe imemwandika pia yule wa chumba cha jirani. Halafu mlango. Funga kwa ndani wewe mwenyewe, sukuma kwa bega. Komeo la ndani liwe la chuma na skurubu zake zimeshika. Uliza funguo za chumba hiki ziko ngapi, na nyingine iko kwa nani. Mimi siku hizi ninatembea na kipande cha mbao kilichochongwa kama kabari. Ninakiingiza chini ya mlango na hakuna mlango wa kufungukia ndani unaokishinda. Seremala wa kwetu alinichongea bure akicheka.

Kisha choo. Wanaume wanaoandika juu ya hoteli hawasemi habari ya choo, kwa sababu wao wanatoka nje popote. Kwa mama, choo kilicho mbali na chumba ni nusu ya hatari ya usiku. Kama hakimo ndani, kiwe kwenye koridori ileile, chenye mwanga na mlango unaofunga. Ukiona kwamba ili ufike lazima upite bar, acha, hata kama wanakupunguzia bei. Beseni dogo lenye mfuniko ndani ya mzigo si aibu, ni hekima ya mama mwenye mtoto.

Angalia pia ni nani wageni wengine. Nyumba ambayo vyumba vinalipwa kwa saa haina nafasi ya mama wa safari. Utaijua haraka: watu wanaingia wawili wawili bila mizigo.

Kuna jambo moja la Goma ambalo sisi wa milimani hatulijui vizuri, na kwa hilo nitakaa kidogo. Ni mazuku, upepo mbaya. Katika ardhi ile ya volkano gesi ya kaboni inatoka chini kimya kimya. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inateremka na kujaa mashimoni na mabondeni kama maji yanavyojaa shimo. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, inakuwa nyingi. Jua likipanda na upepo ukivuma inatawanyika. Inaua mbuzi, inaua ndege, na inaua watu, watoto kwanza kwa sababu wao ni wafupi. Iko hasa upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa: Lac Vert, Bulengo, sehemu za Kyeshero na za Himbi. Watu wa OVG, wale wanaochunguza volkano, wamekuwa wakionya juu yake miaka mingi. Mimi siwaambii msilale mitaa hiyo, maelfu ya watu wanaishi huko. Ninawaambia muulize majirani, si mwenye lodge tu: "Hapa kuna mazuku?" Watakuonyesha kwa kidole. Kataa chumba kilichochimbwa chini ya barabara au kilicho kwenye shimo, kataa chumba ambacho nyasi za mbele yake zimekauka mahali pamoja bila sababu, na ukipata cha juu, chukua cha juu. Na mtoto asilazwe chini. Najua tunavyofanya: kitanda kimoja, wamama wawili, mtoto kwenye kitenge sakafuni. Goma usifanye hivyo. Mtoto alale katikati yenu.

Ndugu yake mazuku ni makala. Goma kuna baridi ya usiku wakati wa mvua, na mtu anaweza kukuletea mbabula ili upashe chumba moto au upike uji wa mtoto. Pika nje. Mbabula haingii ndani ya chumba kilichofungwa, hata ikiwa moto umebaki kidogo tu, hata kama unaona hakuna moshi. Watu wamelala na hawakuamka.

Maji ya kunywa nunua yaliyofungwa au beba yaliyochemshwa, na sabuni usiiache nyumbani, kipindupindu kiko mjini mara kwa mara. Chandarua kikiwa na matundu, funga matundu kwa uzi.

Mizigo ni shida kubwa kuliko mwili. Chumba kizuri cha bei ya chini mara nyingi hakina nafasi ya mifuko minne, na mwenye nyumba anataka uiache kwenye koridori. Fromage usiiache. Maharage, kama bandari inapokea mizigo jioni na kukupa karatasi, yaache huko. Hesabu mifuko mbele ya mtu, andika alama yako juu ya kila mmoja kwa rangi, piga picha kwa telefone. Tulipopanga safari ya pili tulipeleka maharage siku moja mbele kwa depo ya mama tunayemwamini, tukalipa kidogo, tukalala na mikoba tu. Tulilala kama watu.

Na pesa? Tangu benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, wengi wanatumia telefone, M-Pesa au Airtel Money. Ni vizuri, maana mwizi hawezi kuiona. Lakini toa pesa taslimu kidogo huku nyumbani kabla ya safari, kwa sababu ajenti wengine mjini wanakata sana. Gawanya: ya chumba na moto mfukoni, ya tiketi mahali pengine, ya kundi kwenye telefone, na namba ya siri usimwambie hata yule mnayelala naye. Chumba kilipwe mara moja, upewe karatasi, ili asubuhi mtu asikuzuie mlangoni akidai umelala na mtoto kwa hiyo uongeze. Hilo nalo limetokea. Sema tangu mwanzo: "Tuko wawili na mtoto mmoja, bei ni ngapi yote?"

Asubuhi, usile sana kama tumbo lako halizoei ziwa. Bandarini, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria, jina la kweli, na la mtoto pia. Baada ya ajali ya Kituku hesabu zilizotolewa hazikulingana, na familia zilitafuta watu wao siku nyingi. Vaa jile kabla boti haijaondoka, funga kamba zake, na uombe ya mtoto; usiikalie kama mto. Mtoto usimfunge mgongoni kwa kitenge wakati wa safari ya maji, mshike mbele. Kama unaona watu wamezidi, teremka. Tiketi inaweza kupotea, na una mahali pa kurudi kulala, kwa sababu jana ulipachagua mchana.

Nitasema na hili, kwa sababu gazeti hili linasomwa na mabinti pia. Kama usiku, pamoja na tahadhari zote, mtu amekutenda vibaya kwa nguvu, safari ya biashara imesimama pale. Usiende bandarini. Nenda hospitali siku ileile. Dawa za kuzuia sida zinatolewa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Ipo pia dawa ya kuzuia mimba. Goma kuna HEAL Africa na hospitali nyingine, Bukavu kuna Panzi, na hata vituo vya afya vingi vya huku kwetu vinajua la kufanya. Nguo usizifue, zipeleke katika mfuko wa karatasi. Mama anayekusindikiza hahitaji kuuliza ulikuwa umevaa nini.

Mwisho ni habari ya AVEC, maana hapo ndipo mambo yalipobadilika kwetu. Zamani, mama akiomba mkopo wa safari, tulihesabu bei ya mali, gari na boti. Kulala hatukuhesabu. Kila mmoja alijua kwamba pesa ya kulala ataila katika faida yake, kwa hiyo kila mmoja alitafuta chumba cha chini kabisa, au alilala juu ya mifuko bandarini. Baada ya safari yangu ile tulibishana mikutano miwili. Wengine walisema ni anasa, mama wa kijiji analipwa hoteli. Mama mmoja mzee, ambaye hasafiri tena, akauliza tu ni fromage ngapi tulizipoteza kwa ajili ya usiku mmoja, na tukaanza kuhesabu kwa vidole. Sasa kila mkopo wa safari una mstari wa kulala, usiku mbili kwa wa Masisi, tatu kwa wa Walikale, na usiku mmoja kati ya hizo ni wa akiba: boti ikiwa mbaya, mama anarudi kulala bila kuomba ruhusa ya mtu. Asipoutumia, anaurudisha kwenye sanduku. Wengi wanaurudisha. Na hatutumi mama mmoja peke yake. Wanakwenda wawili, na simu inapigwa jioni kwa mwenye kiti wakishafunga mlango.

Tuna pia daftari. Ni daftari la shule la kawaida, liko kwa mwandishi wa kundi. Kila mama anayerudi anaandika alilala wapi, alilipa ngapi, komeo lilikuwaje, choo kiko wapi, kuna bar au hakuna, na kutoka hapo hadi bandari ni dakika ngapi kwa mguu. Lodge mbili tumezifuta kwa kalamu nyekundu. Moja tuliifuta, kisha tukairudisha baada ya mwenyewe kuweka makomeo mapya, kwa sababu wamama watano walimwambia mmoja baada ya mwingine kwa nini hawalali kwake tena.

Makundi ya Nyabiondo, Kashebere na Mubi, kama mnaandika daftari lenu, tuleteeni kurasa zake siku ya posho kwenye mkutano, au mtume kwa mama yeyote anayeteremka Masisi. Tutaziunganisha na zetu. Na mama wa Panzi, tafadhali tupigie kabla hujachagua siku. Jirani yangu, yule wa kitenge, anashuka Bukavu mwisho wa mwezi na fromage zake, na amesema yuko tayari kulala nawe chumba kimoja.